Chungu Nilichokikataa Jukwaani

Bisimwa tulimzika Jumanne. Kesho yake alasiri, kwenye kilio nyumbani kwake Nyalukemba, mwanawe mkubwa alinijia na kiti mkononi akaniomba niwasimulie wageni ile ya chungu. Ameisikia tangu utoto wake. Baba yake aliisimulia kwenye ubatizo na kwenye harusi, aliisimulia kwa wagonjwa alipokwenda kuwaona, na kila mara nilipokuwapo alininyooshea kidole: huyu ndiye aliyekuwa mama wa bibi arusi, mwangalieni ndevu zake. Basi nikasimama. Nikashika kiuno, nikaziba pua kwa vidole viwili, nikawageuzia wafiwa matako yangu ya kizee, na watu waliokuwa wakilia asubuhi wakacheka mpaka wakapangusa macho upya. Mjane wa Bisimwa alicheka kuliko wote. Nilirudi kwangu nikakaa kitandani bila kuvua viatu. Niliyowasimulia ilikuwa nusu. Nusu ya pili Bisimwa aliijua na hakuitoa kinywani miaka yote hiyo. Sasa amekwenda nayo, na imebaki kwangu peke yangu. Habari za wazazi wangu na sababu ya kuja kwangu Bukavu naziacha, maana hazina hatia katika jambo hili.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu nchi iitwe Zaïre. Majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku, na walimu walioniita Désiré walikuwa bado wanajikwaa kabla ya kuniita Byamungu. Mimi na Bisimwa tulikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Nilipanga kwao Kadutu, kama kukaa bure kunaweza kuitwa kupanga. Mama yake alikuwa mjane aliyepika kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akaiuza mlangoni, na aliponiona na sanduku langu la mbao alisema tu kwamba kitanda cha Bisimwa ni kipana. Hakikuwa kipana. Tulilala kichwa huku, miguu kule, na ukuta wa udongo ulitutenga na chumba cha vyungu, hata nguo zetu za shule zilinukia ndizi mbivu. Tulikula bugali mmoja na maharage ya sahani moja, na siku njema ndagala, dagaa wa ziwani. Mama Bisimwa alikuwa na desturi ya kunisogezea upande wenye mboga nyingi bila kuniangalia, ili nisione haya. Mwanawe aliona, akala upande wake. Nakumbuka nilichukia hata hilo: kwamba hakuona wivu. Mimi niliona. Bisimwa aliteremka vijia vya Kadutu vyenye utelezi na ndoo ya maji kichwani huku akicheza mguu, na maji hayakumwagika. Mimi niliteremka nimeshika majani ya kando. Nilimpenda, na sikuweza kumwangalia kwa muda mrefu bila kitu kuniuma chini ya mbavu.

Mwaka ule Madamu Odile, Mbelgiji aliyetufundisha Kifaransa na mazoezi ya mwili, alikuja darasani na sanduku la sahani za muziki. Ujanani mwake alikuwa amecheza baleti, ile ngoma ya jukwaani ambayo haina neno hata moja, kila kitu kinasemwa kwa mikono na miguu. Alitaka tucheze ya zamani sana, ya kuchekesha: mama mjane ana binti mmoja, binti anampenda kijana wa shambani, lakini mama anamtaka mtoto wa tajiri, mpumbavu anayekimbia na mwavuli. Mama anamfungia binti ndani kwa ufunguo. Mwishoni mama anashindwa, anakubali, watu wote wanacheza. Mkuu wa shule alisema sawa, ila wakulima wale wa Ufaransa wawe Washi, watu wa kwetu mlimani, wavae vitenge, na isisikike hata harufu ya ukoloni. Madamu hakununa. Alitoa utepe wa hariri wa wapenzi akaweka kipande kirefu cha kitenge. Akatoa viatu vya mti vya yule mama akaweka vile vyetu tulivyochongewa na seremala wa sokoni. Shamba la ngano likawa shamba la migomba. Tulipofika mahali ambapo wazee wanaleta karatasi ya ndoa ili itiwe sahihi, alituuliza kwetu karatasi hiyo inaandikwa na nani.

"Kwetu habaandikake, Madamu," Bisimwa alisema. "Banakunywaka."

Darasa lilicheka, lakini ilikuwa kweli, akaeleza. Upande wa kijana unaleta chungu cha kasiksi kwa wazazi wa binti, mbele ya majirani. Wakinywa, wamekubali. Wasipokunywa, waliokileta wanajitwika chungu chao na kurudi nacho kwa njia ileile, na kila aliye mlangoni anaona kimerudi kimejaa. Madamu aliandika haraka haraka. Ndivyo baleti yake ilivyopata mwisho mpya: kijana anapiga goti na chungu, mama anazunguka, anakataa kwa kichwa, anazunguka tena, na muziki unapofika juu anainamia mrija na kunywa.

Yule mama, tangu zamani huko kwao, huchezwa na mwanaume. Madamu alipotuambia, kila mtu aligeuka kunitazama mimi, maana nilikuwa mrefu, mwenye mabega, na sauti nzito. Bisimwa alipewa kijana. Binti alitoka shule ya masista, mwaka wa mwisho kama sisi, jina lake Nsimire. Sitamweleza sana. Alikuwa na tabia ya kusikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande, kana kwamba unachomwambia kina uzito na yeye anakipima, na mimi nilichukulia kwamba alinifanyia hivyo mimi tu. Nilikuwa nimejiaminisha kwa majuma kadhaa nilipoona anamsikiliza hivyohivyo mfagiaji wa ukumbi.

Mazoezi yalifanyika Jumatano na Jumamosi katika ukumbi wa parokia, vumbi la sakafu likipanda kwenye mwanga wa madirisha. Kazi yangu jukwaani ilikuwa kuwatazama Bisimwa na Nsimire. Nataka nilieleze vizuri, kwa sababu humo ndimo kila kitu kilipikwa. Mtu mwenye wivu kwa kawaida hutazama kwa kujificha. Mimi niliagizwa kutazama. Madamu alipiga makofi na kusema, "Byamungu, macho, macho, usiwaachie." Nilivaa kitenge na kilemba, nikashika ufunguo wa mti mkubwa kama mkono wa mtoto, nikawafuata. Walipojifunga wote wawili kwa kile kitenge kirefu, Nsimire akijiviringa kuelekea kifuani kwa Bisimwa, mimi niliingia katikati nikawafungua, na wanafunzi waliokaa kwenye benchi wakacheka. Niliwafungua kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa. Siku moja Nsimire alijipapasa kiwiko akasema, "Weye mama, uko mukali kuliko mama yangu wa kweli." Alikuwa akitania. Nililala na maneno hayo kama mtu aliyesifiwa.

Jumapili moja tulitumwa, sisi watatu, kwa baba yake Nsimire kuazima kofia ya tajiri. Nyumba yao ilikuwa hapohapo Nyalukemba, ya matofali, na viti vyenye vitambaa vya kufuma mgongoni. Baba alikuwa karani ofisini, mtu msafi, na redio yake ilisimama mezani mahali ambapo kwingine wangeweka picha ya familia. Tulipewa chai na mkate wenye siagi. Alinitazama kwanza mimi.

"Weye njo unachungaka mutoto wangu?"

"Ndiyo, papa."

"Chunga muzuri. Na ufunguo iko wapi?"

Nilimwambia umebaki ukumbini, akacheka, akasema basi leo binti yuko huru, tunywe chai upesi. Nilimpenda palepale. Kisha akamgeukia Bisimwa. "Na weye, kijana, mama yako anafanyaka kazi gani?"

"Anapikaka kasiksi, papa."

"Ya kunywa ao ya kuuzisha?"

"Ya kuuzisha, papa."

"Ah," baba alisema, akanyoosha mkono akaongeza sauti ya redio. Nsimire aliinua birika ingawa vikombe vilikuwa vimejaa. Mimi nilikula mkate wangu, na najua kabisa nilichokuwa nikihisi, kwa sababu nilihisi kwa tumbo lote: raha. Nilikuwa nimekaa kwenye chakula cha mwanamke yule mwaka mzima, na nilifurahi kwamba kazi yake ilikuwa imemwangusha mwanawe.

Juma la mwisho kabla ya kucheza, nilikuwa nyuma ya jukwaa nikifungua viatu vyangu vya mti. Chumba cha kubadilishia nguo kilitengwa kwa mbao nyembamba, na upande wa pili niliwasikia.

"Papa atakuya Jumamosi," Nsimire alisema.

"Kweli?"

"Nilimuambia yote. Akasema: nitaenda kumuangalia uyo kijana mbele ya batu. Kama ananipendeza, mama yake akuye na chungu, nitamusikiliza."

Bisimwa alisema mama yake ataweka kasiksi ya kweli ndani ya chungu cha mchezo, nzuri kuliko zote alizopika, ili mzee aone jinsi inavyonyweka.

"Na Byamungu, umemuambia?"

"Hapana. Uyo akijua, atatetemeka, ataimwanga yote mu kitenge yake."

Wakacheka, polepole, kama watu wanaocheka mahali wanapoheshimu. Nimeishi muda mrefu na nimechekwa kwa ubaya zaidi ya hapo, na nilistahili. Lakini wakati ule nilisimama na kiatu kimoja mkononi, nikawaza kwamba mtu ninayelala naye kitanda kimoja amepanga maisha yake yote na hakunipa hata kona. Sikujua lipi liliuma zaidi, kwamba angempata Nsimire, au kwamba mimi sikuambiwa. Hadi leo sijui.

Kasiksi ile niliikanda mimi mwenyewe. Alhamisi tulifukua ndizi zilizoivia shimoni, tukazimenya, tukazikanda kwa majani makavu ndani ya mtumbwi wa mti mpaka maji yake yakatoka, Mama Bisimwa akichuja na kukoroga unga wa mtama uliokaangwa. Aliimba chini chini. Hakuniambia ni ya nini, na mimi sikusema kwamba najua. Jumamosi asubuhi alifunua, akatuonjesha sote wawili kwa kibuyu, akasubiri uso wa mwanawe, kisha uso wangu. Ilikuwa tamu. Sijawahi kunywa nyingine kama ile.

Tulicheza saa tisa alasiri. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Kwanza zilipigwa nyimbo za kusifu chama tawala, kama ilivyokuwa lazima, halafu Madamu akashusha sindano kwenye sahani. Nilimwona karani, baba yake Nsimire, mstari wa mbele, miguu imepishana, na nyuma kabisa, kwenye mabenchi ya akina mama wa Kadutu, nilimwona Mama Bisimwa na kitenge kipya. Watu walicheka tangu mwanzo. Nilicheza vizuri, niseme tu. Hasira iliipa miguu yangu kitu ambacho mazoezi hayakukipa, na ngoma yangu ya viatu vya mti ilipigiwa makofi mpaka ikabidi niirudie. Bisimwa alicheza kuliko siku zote. Aliporuka, karani aliteremsha mguu wake akainama mbele. Nilimwona. Uso wake ulikuwa umelainika, uso wa mtu aliyekuja kukataa na sasa hakumbuki sababu. Nikajua Bisimwa amepita.

Kisha Bisimwa alipiga goti mbele yangu na chungu. Nsimire alisimama mlangoni pa nyumba yetu ya mbao. Nilizunguka mara ya kwanza, nikakataa kwa kichwa, kama tulivyofanya mazoezi. Nilizunguka mara ya pili. Muziki ukapanda. Nikauinamia mrija, harufu ile tamu ikanijaa puani, na Bisimwa akaniinulia macho. Hakuwa na shaka yoyote. Ni hilo nadhani. Kama angeogopa kidogo, ningekunywa.

Nilisimama wima. Nikaziba pua kwa vidole viwili. Niliugeuzia ukumbi uso wa mtu aliyenusa kitu kilichokufa, nikamgeuzia Bisimwa matako, nikayatikisa, nikamshika Nsimire mkono nikamwingiza ndani, nikafunga kwa ufunguo. Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga mabenchi. Karani alicheka mpaka akavua miwani. Sahani ilizunguka hadi mwisho wake, muziki wa harusi ukamalizika bila harusi, na Bisimwa akabaki amepiga goti katikati ya jukwaa na chungu kilichojaa, kwa sababu hakuna aliyempa hatua nyingine ya kucheza. Wavulana wa pazia walidhani ndivyo ilivyopangwa, wakavuta. Nyuma, kwenye mabenchi, palikuwa na nafasi tupu. Mama Bisimwa alikuwa ameshatoka.

Madamu Odile alinijia akiwa mwekundu. Alisema nimeua baleti yake, kisha akasikia makofi yanavyoendelea, akanisukuma nje nikainame peke yangu. Niliinama mara tatu. Sijawahi kupigiwa makofi kama yale tangu hapo. Karani alinipa mkono mlangoni. "Umechunga kweli," alisema, bado akipangusa miwani. Nsimire alikuwa amesimama kando yake na akamwambia kitu chini chini, nami nililisikia jibu la baba yake, kwa sauti ya mtu mwenye furaha asiyemchukia yeyote: "Mwana yangu, ata mu mchezo bamekatala pombe yake. Miye nitaanzia wapi kuikubali?"

Hakulibadilisha neno hilo. Pengine angepata sababu nyingine, hujiambia hivyo mara nyingi. Lakini sababu aliyoitumia nilimpa mimi. Mwisho wa mwaka Nsimire aliolewa Luvungi na mtu mwenye mashamba ya mpunga. Kabla hajaondoka nilimvizia kwenye lango la masista na kitabu nilichokuwa nimemwazima, maana nilikuwa na upumbavu wa kudhani mlango niliomfungia Bisimwa utafunguka kwa upande wangu. Alikipokea, akainamisha kichwa upande kama kawaida yake. "Uko muchekeshaji, Byamungu," alisema. "Sasa uende." Sikumwona tena.

Hayo watu wangeweza kuyakisia. Sasa lile ambalo Bisimwa aliliweka moyoni.

Tulipanda kwenda nyumbani jua likiwa bado juu, yeye mbele, mimi nyuma. Alikuwa amemwaga kasiksi yote kwenye majani nyuma ya ukumbi, nilimwona, na alibeba chungu kitupu kimeinamishwa begani ili majirani wasidhani kimerudi kimejaa. Mama yake alikuwa ameshapika. Tulikaa. Alinisogezea upande wenye mboga, kama kawaida, lakini safari hii aliniangalia.

"Byamungu, mwana yangu, uniambie kweli. Ile kasiksi ilikuwa inanuka?"

Bisimwa aliacha kula. Alikuwa ameionja asubuhi. Alijua, na alijua kwamba mimi najua. Nilikuwa na nafasi ya kusema ilikuwa tamu, mama, ni mimi. Yalikuwa maneno machache tu. Nilifikiria kitanda, sahani, mitihani iliyobaki miezi miwili.

"Kidogo, mama," nikasema.

"Harufu ya nini?"

"Ya kuchacha."

Alitikisa kichwa taratibu, kama fundi anayeonyeshwa ufa. "Basi iko ile mutama. Asubuhi ilikuwa muzuri, lakini mutama yenye iliingia maji inageukaka haraka. Ule mwanamuke wa ku soko alinidanganya, na miye sikuangalia." Akamgeukia mwanawe. "Na ule muzee aliikala mbele kabisa. Alisikia harufu. Unisamehe, Bisimwa."

Nilimngojea Bisimwa aseme. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi, na nikaona anapima: ama amwambie mjane yule kwamba pombe yake haikuwa na kosa, na hapohapo amwambie ni mtu wa namna gani anayemlisha, ama anyamaze. "Si kitu, mama," alisema, akamega bugali. Miaka iliyofuata aliigeuza ile siku kuwa kichekesho, akaisimulia kila mahali, mama yake akiwapo, na kila mara nilidhani anajifurahisha. Alikuwa akiisimulia ili mimi nipate mlango wa kuingilia. Sikuingia. Mama Bisimwa alikufa akimlaumu yule muuza mtama.

Na hakuwa amemaliza nami jioni ile. Aliosha mikono, akafikiri, akasema kwamba kama nilisikia kosa ambalo yeye mwenyewe na mwanawe hawakulisikia, basi nina pua nzuri kuliko watu wote wa nyumba ile. Tangu siku hiyo hadi nilipomaliza shule, hakuuza chungu hata kimoja kabla sijakionja mimi. Kila Jumamosi asubuhi aliniita, akafunua, akanipa mrija, akasimama mbele yangu amekunja mikono akingoja, na mimi niliinama nikanywa, nikamwambia iko muzuri, mama, unaweza kuuzisha.